Paipu ya Breki ya Nyuma

Jumapili, 8 Septemba

Chini ya gari la Kaka Idi tena, toka saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Kutu imenijaa machoni. Nimebadilisha plagi mbili. Nimeziba tundu la bomba la moshi kwa kopo la maziwa na waya wa kufungia nondo. Limewaka mara ya nne.

Kaka alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Akasema fundi wa gereji angemkamua vibaya kwa kazi hii. Kweli. Mimi nimekula wali na mchicha, na aliyenipa ni shemeji Mwanahamisi, si yeye.

Pikapu hii ni nyeupe ukiitazama kwa mbele tu. Miaka kumi inabeba chumvi kutoka majarubani kwenda dukani kwake. Ukiingia chini yake ndiyo unajua. Chesisi inamenyeka kama ganda la muhogo.

Bado siku ishirini na saba kufika arobaini ya Baba.

Jumanne, 10 Septemba

Jarubani tangu alfajiri. Jua la leo halina huruma. Tunakwangua chumvi, tunaikusanya marundo, tunapakia toroli. Nyufa za miguu zimefunguka tena. Ukitia mguu kwenye maji yale unasema maneno ambayo hutaki Mungu ayasikie.

Bado ninafikiria mazishi. Niandike yaishe. Baba alipofariki kule Kondoa, simu ya kwanza ilipigwa kwa Kaka. Yeye ndiye mkubwa, sawa. Alipanda basi asubuhi ileile. Nyumba yake na chumba changu ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Hakupita. Nilipata habari siku ya pili, kwa shemeji, Baba yuko chini tayari. Sikutia hata kiganja kimoja cha udongo.

Aliporudi akasema nauli ya mtu mmoja tu ndiyo iliyokuwepo. Kisha akasema, arobaini tutakwenda wote, kwa gari, wewe lifufue tu.

Nikakubali. Bei yangu ni kiti. Kabini ina viti vitatu: Kaka, shemeji, mimi. Sitaki kingine.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya swala ya Ijumaa Kaka huosha gari. Kila Ijumaa, miaka yote. Anachota maji ya kisima cha nyuma ya nyumba. Maji yale sabuni haitoi povu. Ukipikia maharage hayaivi. Shemeji mwenyewe hayatii kwenye chai, ananunua ndoo za bomba. Lakini gari linaogeshwa nayo mpaka chini, eti kuondoa chumvi.

Leo nimemwambia. Kaka, unaosha chumvi kwa chumvi, ndiyo maana gari linaoza. Akasema, "Maji ni maji. Ya bomba yanauzwa."

Sefu alikuwepo. Ni mdogo wake shemeji, kijana wa mjini, hana kazi ila ana miwani. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, mbara katoka kwenye ukame wake huko kaja kutufundisha maji!" Kaka naye akacheka.

Sikucheka. Nilifuta spana nikaondoka.

Jumapili, 15 Septemba

Siku nzuri. Naiandika kwa sababu ni adimu.

Sakafu ya kabini ilikuwa na tundu, unaiona barabara inapita kati ya miguu yako. Nimekata debe la mafuta ya kula, nimelikunjua, nimelipigilia, nimelifunika kwa lami iliyoyeyushwa. Halipitishi vumbi sasa. Halafu tukaenda kulijaribu, mimi na Kaka, mpaka Fukayosi na kurudi. Tulinunua muhogo wa kuchoma, tukala ndani ya gari, pilipili ikidondoka kwenye lami yangu.

Kaka akamwigiza Baba. Baba alikuwa dereva wa lori la mtama, nami nilikuwa utingo wake miaka minne baada ya kuacha shule. Alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kuwasha gari, kama anayebisha hodi. Kaka alikohoa vilevile. Tulicheka mpaka machozi. Kisha machozi yakawa mengine.

Nilimpenda leo.

Jumatano, 18 Septemba

Homa. Nimefanya kazi hivyohivyo.

Jumapili, 22 Septemba

Nilijua yatakuja. Niliingia chini ya gari kutazama breki, nikakuta tairi la nyuma la kushoto limelowa. Si maji. Mafuta ya breki. Paipu yake imeliwa na kutu, imetoboka, ukiigusa inabaki vidoleni. Nilimwonyesha Kaka. Nikamwambia inunuliwe paipu mpya, sehemu hii hapana mchezo.

Akauliza bei. Nikamtajia. Akakuna kichwa. "Ziba."

Kila dereva masikini anajua kuziba. Unaikata paipu pale ilipo nzima, unaikunja, unaigonga kwa nyundo mpaka ifumbe. Mafuta hayavuji tena. Matairi matatu yanashika breki, la nne linajiendea tu. Gari tupu, mwendo mdogo, mjini hapahapa, utaponea.

Nimeziba. Nimemwambia mara tatu: hii ni ya muda, usipakie mzigo, usiende nalo mlimani. Kabla ya safari nitaweka mpya kwa pesa yangu. Akasema sawa, sawa, akiwa anatazama simu.

Baba alikuwa akisema breki kwanza, injini baadaye. Gari likigoma kuwaka utalala njiani, asubuhi utaamka. Leo nimefanya kinyume chake kwa mkono wangu. Nina aibu.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimeomba ruhusa kwa msimamizi. Siku nne bila malipo. Alinitazama kama nimemwomba figo. Kisha akasema, "Arobaini ya mzazi? Nenda, bwana. Mimi ya kwangu sikwenda, mpaka leo inaniuma." Sikumtegemea yule.

Nimefua kanzu.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumelipwa. Nimekwenda kwa muuza vipuri chakavu karibu na stendi. Paipu moja ya breki, nati zake mbili, kopo la mafuta ya breki. Amekataa kupunguza hata kidogo. Pesa niliyobaki nayo ni ya kula tu. Nauli ya basi mpaka Kondoa haipo tena, lakini ya nini? Ninakwenda kwa gari.

Paipu nimeifunga kwenye kanga kuukuu, nimeilaza chini ya mto. Nimejicheka mwenyewe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nina hasira. Naandika hivyohivyo.

Safari ni kesho alfajiri. Nilitoka kazini mapema, nikachukua paipu na spana, nikaenda kwa Kaka nifunge kabla giza halijaingia. Nikakuta pikapu uani imelala kwa nyuma. Magunia ya chumvi. Nilihesabu ishirini nikaacha. Juu yake nazi, juu ya nazi turubai.

Nikauliza. Kaka akasema safari lazima ijilipe, chumvi ina bei Kondoa. Nikasema breki ya nyuma bado. Akasema juzi kaenda nalo jarubani likasimama vizuri tu.

Halafu nikaona begi la Sefu kwenye kiti cha kabini.

Nikamuuliza Kaka, Sefu anakwenda wapi. Akasema anakwenda kumsaidia kushusha magunia na kutafuta wateja. Na mimi? Alikuna kichwa kilekile. "Wewe ungekaa nyuma, lakini unaona kulivyojaa. Mdogo wangu, vumilia. Ipo hitma ya mwaka."

Sefu akatoka na miwani yake. "Fundi, usinune. Umeona wapi fundi anapanda gari la mteja?"

Mteja. Shemeji alikuwa anakuna nazi barazani. Aliinamisha kichwa, mbuzi ikasimama, ikaanza tena.

Sikupigana. Nilitaka. Nilimwambia Kaka, umenizika na Baba. Nikaondoka na paipu yangu kwapani.

Sasa niko chumbani. Paipu iko mezani. Nafikiria barabara. Msata, Chalinze, Ubena, mpaka kule yanakoanza malori mengi. Halafu usiku, mteremko wa kuingia kwetu, magunia yanalisukuma gari kwa nyuma, matairi matatu. Najua litakavyofanya. Litavuta upande mmoja.

Sikuombwa. Nilisema mara tatu, sasa mara nne. Hakuna atakayenidai. Waende.

Nimeandika waende. Nimelisoma mara mbili neno hilo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Adhana ya alfajiri ilinikuta njiani. Nilikwenda. Sijui nilikwenda kwa ajili ya nani. Si kwa ajili ya Kaka. Kwa shemeji labda. Kwa Baba hakika, maana sikutaka watu wakusanyike kumsomea wakaletewa maiti wengine.

Walikuwa wanakunywa chai. Sikubisha hodi. Nilipiga jeki pale uani, nikatanguliza magogo mawili kwa ajili ya ule mzigo, nikalala chini. Nati ilikuwa imeganda kwa kutu. Nilimimina mafuta ya taa, nikasubiri, nikagonga, nikasubiri. Kutoka kule chini nikaona ndara za Kaka zimekuja zimesimama. Akadhani nimekuja kubembeleza kiti. Akaanza, "Nilishakwambia nafasi..."

Nikaikaza paipu mpya, nikamwambia mtume Sefu akakanyage breki.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu anakanyaga, mmoja chini analegeza nati upepo utoke. Lazima msikilizane. Nikamwita Sefu, kanyaga. Shika. Usiachie. Achia. Kanyaga tena. Alikuwa na usingizi, anaachia kabla sijafunga, upepo unarudi, tunaanza upya. Mara ya sita nikapaza sauti, "Kanyaga kama unataka kufika!" Alikanyaga vizuri kuanzia hapo. Nadhani ndipo alipoelewa. Miwani aliivua.

Mkono mmoja wenye hina ukaingia chini ya gari na kikombe cha chai. Shemeji. Nilikunywa nikiwa nimelala ubavu, nusu ikamwagikia shingoni. Ilikuwa ya maji ya bomba, tamu.

Nilipotoka Kaka akaitazama ile paipu iliyokufa mkononi mwangu. Akasema, "Kumbe hukuwa umeweka?"

Nilimwambia jana. Nilimwambia Jumapili ile. Alijua. Nilimtazama usoni nikaona anajua kwamba najua. Akapanda gari.

Alikohoa kabla ya kuwasha. Sidhani kama alikusudia.

Gari lilisimama vizuri getini, nililisikiliza. Matairi yote manne. Shemeji alinyoosha mkono dirishani. Nilirudi kwa miguu, nikapitiliza mpaka kazini. Msimamizi akauliza, si una ruhusa wewe? Nikamwambia nimeghairi. Akanipa koleo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Arobaini ya Baba. Nimekwangua chumvi mpaka saa tisa. Adhuhuri nilikaa kando ya rundo langu, nikasoma Yasini mpaka ninapojua. Sijui yote. Niliposahau nilirudi mwanzo.

Alasiri Kaka alipiga simu. Nyuma yake kelele za watu, masufuria, mtoto analia. Akasema, "Tulifika usiku salama." Kisha, "Mlimani breki zilishika." Nilisubiri neno lingine. Akasema, "Ongea na Mama."

Mama sauti imepungua. Nikamwamkia. Akasema marahaba, mwanangu, akaniombea dua ndefu. Kisha akasema, "Kaka yako katueleza. Eti msimamizi kakunyima ruhusa. Watu wengine hawana utu."

Karatasi ya ruhusa ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa nne, imelowa jasho.

Nilisikia Kaka anapumua karibu na simu.

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Kazi ni nyingi."

Akasema haidhuru, Baba yako anajua. Akasema hitma inaanza, nisikate. Akaiweka simu chini, nadhani kwenye mkeka, maana nilisikia vizuri. Walisoma wote pamoja. Sauti ya Kaka niliitambua. Pale nilipokuwa nikisahau, wao walipita, nikawafuata kwa midomo mpaka chaji ikaisha.

Nimeosha koleo kwa maji ya bomba. Nimeosha na miguu. Kesho hakuna gari la kutengeneza. Nitalala mpaka jua litoke.