Diski ya Picha za Baba Mkwe

Joanie uko wapi. Nimejifungia chooni kanisani, sijui nitatokaje.

Si unamjua wifi yangu Brenda, aliyekataa kununua kompyuta kama zetu, akachukua ile isiyosikilizana na ya mtu yeyote. Picha zote za marehemu baba yao, mzee Vernon, alizihifadhi kwenye diski moja. Leo baada ya mazishi nikaichomeka kwenye kompyuta ya kanisa, tuwaonyeshe watu wakila.

Kompyuta ikasema haiisomi, eti niiandae upya kwanza. Nikabonyeza ndiyo. Joanie, nikabonyeza NDIYO. Nilidhani ndio utaratibu wake.

Diski nyeupe pe, haina hata picha moja.

Brenda akaniuliza, "Wifi, zimefunguka?"

"Bado kidogo," nikamwambia. Bado kidogo, mimi huyo. "Kwani nakala nyingine iko wapi?"

Akacheka. "Nakala ya nini nawe? Si ndiyo hiyo."

Sasa mama mkwe amekaa kiti cha mbele, koti hajavua, mkoba mapajani. Viazi vya jibini vinapoa mezani na amekataza mtu yeyote asiguse sahani. Namsikia hadi huku chooni.

"Tumwone Vernon kwanza," anawaambia, "ndipo tule."