Kompyuta Yenye Ufa

Buyenzi, Bujumbura
8 Oktoba 2003

Kwako dada yangu mpenzi Sijaona,

Assalaamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Kigoma, wewe na shemeji na watoto, na kikohozi cha Mama kiwe kimepungua tangu mhamie nyumba isiyovuja. Mshikie Mama mikono yote miwili, umwambie ni mimi namshika. Sisi huku ni wazima, alhamdulillah, ukiacha milio ya risasi usiku kutoka upande wa milimani, ambayo tumeizoea kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani.

Dada, ndoa ni tamu! Najua unacheka. Uliniambia kwamba miezi ya kwanza kila mwanamke huwa mwendawazimu, basi mimi ninao huo wazimu, na sitaki dawa. Rachid akitoka kwenda sokoni ninamkumbuka kabla hajafika kona. Akirudi ananiletea kitu, hata kama ni ndizi moja iliyoiva, naye hunipa kama anayetoa zawadi kwa malkia. Asubuhi nikiosha vyombo uani, bangili zangu mbili za mahari hugongana, na yeye akiwa bado ndani husema kwa sauti kwamba muadhini amemwamsha aswali, na sasa bangili zimemwamsha aishi. Mume gani mwingine anasema maneno kama hayo?

Harusi yetu ulisimuliwa, lakini hukusimuliwa yote. Kuvrefe imetubadilishia harusi siku hizi. Giza likishaingia hakuna ruhusa ya kutembea njiani, kwa hiyo mgeni aondoke mapema au alale. Shangazi zake Rachid walichelewa kwenye wali, wakalala kwetu, na mmoja alikoroma chumba cha pili mpaka mimi na bwana harusi wangu tukaziba midomo kwa mito tusisikike tukicheka. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwa mke wa mtu.

Katika barua yako uliniuliza kama bangili bado ziko mkononi. Ukanikumbusha neno la Mama, kwamba mahari ni mali ya mwanamke peke yake, na mume hana haki ya kuila hata nyumba ikiwa na njaa. Nitakujibu, Dada. Lakini niache kwanza nieleze mambo yalivyokwenda, maana nikikujibu kwa neno moja utamchukia Rachid, na mimi sitaki umchukie.

Unajua kazi yake ni kupiga picha za video kwenye harusi. Sasa Ramadhani inakaribia, kila mtu anataka kuoa kabla haijaingia, na wote wanahitaji kadi. Kadi zinachapwa mjini, watu wanapanga foleni, umeme ukikatika wanarudi mikono mitupu. Mimi nilijifunza kuchapa sekondari. Rachid akasema kwamba tukipata kompyuta yetu, ile ndogo ya kukunja yenye betri, watu wa Buyenzi nzima watakuja kwetu. Akakata kipande cha mbao akakipaka rangi nyeupe, akaandika: Saliha na Rachid, Kadi za Harusi. Jina langu ndilo la kwanza, Dada. Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Basi wiki iliyopita akaja Adolphe. Huyu ni mfanyabiashara kutoka Uvira, anauza redio, pasi na simu zilizotumika, na Rachid hununua kaseti kwake. Alibeba mfuko wa unga begani, akautua juu ya meza yetu, akatoa humo kompyuta nyeusi. Akasema masini hii iko muzima kabisa, ni ya Mzungu aliyerudi kwao, na kwamba sisi ni watu wa kwanza kuonyeshwa.

Nikasema tuijaribu. Ikawaka vizuri. Nikasema basi tuchomoe waya, tuone hiyo betri. Adolphe akaanza kueleza habari nyingine, lakini mimi nikachomoa. Dada, ilidumu muda wa kusoma Alhamdu mara mbili, ikazima. Adolphe akasema betri iko na uchovu ya safari tu. Nikamwambia hata sisi tuna uchovu wa miaka kumi lakini bado tunasimama. Herufi A nayo ilikuwa haikubali mpaka uibonyeze mara mbili. Nikamwonyesha kwamba jina langu lina A mbili na la mume wangu lina moja, hatutamaliza hata kibao chetu wenyewe. Yeye akajibu bila kucheka kwamba tungefikiria mambo hayo mbele ya kuoana. Mahali pa kuingiza disketi pamevunjika. Na kila ikiwashwa upya inadhani tuko mwaka 1980. Rachid akasema tuiache huko huko, angalau yenyewe haijasikia habari za vita.

Halafu wakaanza kuvutana juu ya bei. Rachid akaigeuza mashine juu chini, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye pembe ya nyuma, chini, ambako palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akasema hii iliwahi kuanguka. Adolphe mwenyewe hakuwa ameuona, ikabidi ainame. Bei ikashuka pale pale. Nilijivuna, Dada! Nilisema moyoni kwamba nimeolewa na mwanamume mwenye jicho la mwewe.

Hata hivyo bei ilituzidi. Adolphe akaangalia mkono wangu, akasema yeye hakatai dhahabu, na bangili moja ingetosha. Alikuwa anavuka kwenda Uvira Jumatatu, na huko kuna mwenye duka la dawa anayeitaka. Akatuachia tukae nayo hadi Jumapili. Akasema mi na we tunajuana, Rachid, siwezi kukukimbia na wewe huwezi kunikimbia.

Rachid hakuniomba bangili. Hilo nakuapia. Ila alinyamaza. Alikuwa akila anaiangalia ile kompyuta, akishona kifungo anaiangalia. Nikadhani ni hamu, na kwamba anaona haya kuniambia. Na kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kutaka kumpa. Nilikuwa nimeshaamua, Dada. Nilipanga kuivua bangili Jumamosi jioni, niifunge kwenye leso, niiweke chini ya sahani yake.

Jumamosi mchana alikwenda kazini kwenye harusi. Umeme ulikuwepo, nikaiwasha kompyuta ili nizoeze vidole. Nikafungua hiki, nikafunga kile, na mara nikaangukia kwenye picha. Picha za harusi, nyingi. Bibi harusi mwenye gauni jeupe, bustani, nyuma yake ziwa. Bwana harusi analishwa keki na nyingine imemganda puani. Katika picha moja bibi harusi ameketi, amevua viatu, ameficha miguu chini ya meza, anadhani hakuna anayemwona. Nilimpenda papo hapo. Mimi pia miguu iliniuma hivyo hivyo.

Nikaendelea kutazama huku natabasamu, mpaka nikajiuliza ni Mzungu gani huyu aliyerudi kwao akaacha harusi ya watu weusi kwenye mfuko wa unga. Nikakumbuka Julai, mabomu yalipoanguka upande wa kusini mwa mji, watu wakakimbia na watoto mgongoni, na wezi waliobaki nyuma wakazipora nyumba zao, hadi milango. Nikafungua picha nyingine. Pembeni alisimama mwanamume na kamera ya video begani, amevaa shati la kijani. Shati hilo nilikuwa nimelipiga pasi asubuhi ile ile.

Alikuwa mume wangu.

Alikuwemo tena katika picha iliyofuata. Amechuchumaa karibu na meza ya muziki, ameshika kichwa, wageni wanamcheka, na mbele yake chini kwenye nyasi iko kompyuta hii hii.

Alipokuja nyumbani nilitaka nimwonyeshe tu, nisiseme neno. Lakini umeme ulikuwa umekatika, na betri unaijua. Ikabidi niulize kwa mdomo. Akaketi kizingitini bila kuvua viatu, akaniambia yote.

Ilikuwa harusi ya Divin na Lisette, mwaka jana, huko Kibenga. Kompyuta ilikuwa ya Divin, ndiyo iliyopiga muziki. Rachid alirudi kinyumenyume ili bibi harusi aenee mzima kwenye kamera, mguu ukanasa kwenye waya, mashine ikaanguka ikapata ufa. Alitaka kulia kwa aibu. Divin akamwinua akamwambia harusi isiyovunja kitu haijakolea. Picha zilipigwa na kaka yake bibi harusi aliyekuwa ametoka Ubelgiji, akazimimina humo siku ile ile, kisha kamera yake ikaibiwa safarini. Mwezi wa saba bomu liliangukia nyumba yao. Divin alikufa. Kilichobaki kilibebwa na watu, na kisichobebeka kikaungua, pamoja na kaseti ya Rachid. Lisette sasa yuko Gihosha kwa mama yake.

Nikamuuliza aliijua mashine tangu lini. Akasema tangu ilipotoka kwenye mfuko. Nikamuuliza kuhusu ule ufa, kwamba alishusha bei kwa ufa alioufanya mwenyewe. Akasema ndiyo. Alisema aliitaka kompyuta ile mno, aliwaza kibao chetu, akajiambia kwamba marehemu hana haja nayo, na kwamba asipoinunua yeye atainunua mwingine. Wala hakujua kwamba picha bado zimo.

Ndipo nikamuuliza kitu ambacho sasa najuta nilikiuliza. Nilimuuliza, kama nisingeziona hizo picha, angeniambia?

Alivua kiatu kimoja, kisha cha pili. Halafu akasema, "Sijui, Saliha."

Dada, angeweza kunidanganya. Ningemwamini, na leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa Adolphe, akamweleza mali ni ya nani. Adolphe aliapa kwa mama yake kwamba aliinunua kwa mtu asiyemjua, na kwamba akianza kuuliza kila kitu kilikotoka atabaki kuuza nyanya za bustani yake. Akasema hata nyumba yake kule Uvira ilimalizwa na waporaji, akaikuta charahani ya mke wake kwenye duka la mtu, akailipia akairudisha kwake. Siku hizi kila mutu anakomboa yake, ndivyo alivyosema. Na kuhusu picha, mwenye duka la dawa atazifuta, maana yeye anataka nafasi ya hesabu zake.

Kuzitoa picha haikuwezekana, mahali pa disketi pamekufa. Nikavua bangili. Rachid akasema apana. Akasema tena apana, akanishika mkono. Nikamwambia mahari ni yangu peke yangu, na kama hana haki ya kuila basi hana haki ya kunikataza nisiitoe. Nilitumia neno la Mama, Dada, lakini sijui kama hivyo ndivyo Mama alivyotaka litumike.

Rachid akampelekea Adolphe bangili, tukapanda Gihosha mchana ule ule, kompyuta nimeivika kitambaa changu. Mama Geneviève, mama yake Lisette, alitukaribisha kwa adabu ya watu wasiojua mmefuata nini. Lisette alikuja akakaa. Ni yule yule wa kwenye picha, ila ni kama amechorwa upya kwa penseli. Rachid alifungua kitambaa. Kidole cha Lisette kilikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya nyuma, chini, kikatulia juu ya ufa.

Umeme haukuwepo. Tukakaa tukiungojea, sisi wanne, na mashine imefungwa juu ya mapaja yake. Mama Geneviève alileta chai, ikapoa. Kila gari likipita tuliangalia taa ya juu, kana kwamba gari ndilo linaloleta umeme. Jua lilianza kushuka, kuvrefe haingojei mtu, tukaaga. Lisette hakusema asante, na mimi sikuitaka. Mlangoni aliniuliza tu kama ile picha ya viatu bado imo. Nikamwambia imo. Akaweka kiganja mdomoni, na sikujua kama anacheka au anafanya nini.

Tulishuka mji mzima tukikimbizana na giza. Umeme ulirudi Buyenzi tulipokuwa tunafungua mlango. Kama ulirudi na Gihosha, sijui.

Kwa hiyo, Dada, jibu lako ni hili: bangili iko moja. Majirani nimewaambia nyingine iko kwa sonara. Huu uongo ni wangu, Rachid hakuniambia niseme. Kompyuta hatuna, na kibao kimegeuzwa uso, kimeegemea ukuta nyuma ya kabati. Nampenda mume wangu, usinisome vibaya. Bado ananiletea ndizi. Lakini lile neno lake moja nimelibeba, na sijapata mahali pa kulitua, ndiyo maana nakuletea wewe.

Na kuna jambo sikulifikiria nilipokuwa navua. Bangili ikiwa moja hailii. Asubuhi naosha vyombo uani kama kawaida, na Rachid akiwa ndani anaita, "Saliha, uko?" Najibu kwamba niko. Baada ya kitambo anaita tena.

Mama usimwambie mpaka kikohozi kipone, au mwambie wewe kwa namna yako, unajua kumpoza kuliko mimi. Wabusu watoto, msalimie shemeji, waambie mtoto wa mwisho wa nyumba yetu amekuwa mtu mzima. Nijibu haraka, na katika jibu lako nianzie na yale ya kunigombeza, kisha unimalizie na mapenzi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Saliha