Maji Ndani ya Dumu la Spiriti

Jumatatu, 4 Machi

Nimepoteza milango sita ya kabati leo asubuhi. Vanishi imepauka — ukungu mweupe juu hadi chini, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Na mteja kasimama palepale! Kaniuliza kama hii ndiyo rangi mpya ya mjini. Nikacheka naye. Moyoni nawaka.

Miaka kumi na moja nachanganya mwenyewe, spiriti tatu kwa vanishi moja. Haijawahi kunigeuka. Msasa — fundi wangu wa kupiga msasa, jina limemganda — anasema ni unyevu wa hewa. Unyevu gani, na jua hili?

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia muuza spiriti, nikamtolea maneno. Kaniacha nimalize. Eti mama, mimi nauza dumu limefungwa, tazama wanaofungua huko kwako.

Nimejaribu mwenyewe. Kidogo kwenye kifuniko, kiberiti. Ya dumu jipya iliwaka mpaka kifuniko kikakauka. Ya dumu letu ilijikongoja, ikazimika, ikaacha maji. Robo nzima maji!

Funguo za stoo ni mbili. Mmoja wangu. Mwingine wa mdogo wangu.

Jumatano, 6 Machi

Nilimtazama tu mdogo wangu akikata mbao. Futi ya kupimia kaileta mpaka puani. Halafu akapapasa ubao kwa kidole gumba, akitafuta alama ya penseli aliyoiweka mwenyewe. Msumeno unazunguka!

Nikauzima. Akasema, "Dada, taa zako mbovu." Saa sita mchana, milango yote wazi.

Nimesahau milango ya kabati. Kabisa.

Nikamuuliza kuhusu dumu. Hakubisha. Eti anakunywa kifuniko kimoja tu asubuhi, na maji, mikono itulie. Kisha anajazia maji ili nisione limepungua. Mikono itulie! Msasa kainamisha kichwa: "Bosi, sisi tulijua. Tulidhani na wewe unajua." Tulidhani! Watu wazima watatu ndani ya chumba kimoja.

Nikamwambia twende kwa daktari sasa hivi. Akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa daktari peke yangu, kabla hajavaa koti lake la kazi. Kasema spiriti ile ya vanishi ni sumu, inaua macho kwanza, mtu anafuata. Kilichopotea huenda kisirudi. Kilichobaki kinaokolewa leo, siyo wiki ijayo. Na asiache kunywa ghafla akiwa peke yake nyumbani, anaweza kushikwa na degedege. Aletwe.

Mama kapiga simu analia. Eti namwaibisha mtoto wake wa mwisho. Mama, nataka aione sura yako! Akapenga kamasi. Kisha: "Basi mpeleke."

Mdogo wangu kaja kazini kama kawaida. Ufunguo wa stoo nimeuchukua. Msumeno nimeuchomoa. Nimemwambia mbele ya Msasa: benchi lako halikaliwi na mtu, hata ukilazwa miezi. Lakini kwa macho hayo hukati ubao hapa. Akaanza: tutaona, dada, kesho —

Hakuna kesho. Teksi iko nje. Saa nne kamili nataka neno moja.

Sasa ni saa nne kasoro dakika tano. Amekaa kizingitini anapapasa kamba za viatu. Msasa kainuka kumsaidia, nimemzuia. Afunge mwenyewe.

Sitaki samahani. Unakwenda, au huendi?