Diski ya mwisho ya Mama Furaha

Siku ya mardi, magaribi

Mabomu inalia tangu asubuhi kule Kibati, lakini mimi niko nawaza diski moja tu.

Mama Furaha alikuya saa nane ku studio yangu ya video na kaseti ya ndoa yake. Kesho anavuka mupaka kwenda Gisenyi na watoto. Nyumba yao ya Kibumba iliungua na mapicha yote, na bwana yake alishakufa. Sura yake imebaki mu ile kaseti tu.

"Papa Musafiri, uniwekee ku diski. Watoto wasimusahau baba yao."

Picha za kaseti ziliingia mu komputa muzuri. Shida ikawa diski. Nilikuwa na tatu, mbili za bei ya chini, zile zinauzwaka bila boîte, kisanduku yake. Upumbavu yangu njo hii: niliogopa courant, umeme, itakatika, nikazigrave, njo kuziandika, ku vitesse ya juu, mbio mbio. Zote mbili zikaharibika. Ikabaki moja ya muzuri, yenye nilikuwa nimechunga kwa ndoa ya mutu tajiri.

Hii nikaigrave pole pole, nusu saa nzima. Bomu ikalia, taa ikafumba jicho, nikaanza kuimbia komputa kama mutoto muchanga.

"Unafanya nini?"

"Ninaibembeleza, mama. Ikilia, tumekwisha."

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Diski ikatoka ya moto. Nikaitia mu lecteur, mashini ya kusoma diski: bwana yake anakata gâteau, keki ya ndoa, anamulisha Mama Furaha. Mama akagusa kioo ya televisheni.

"Alikuwa na meno ya muzuri. Nilishasahau."

Courant ikakatika hapo. Tukabaki tunaangalia kioo nyeusi, na hakuna mwenye aliharakisha kusimama.