Pampu ya Sagalla na Jibu la Mwenyekiti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Voi. Jumatatu, 18 Mei 2026
Jina: Moureen Wakesho
Umri: miaka 29
Kazi: karani wa kompyuta, ushirika wa wakulima
Makao: Voi mjini, nyumbani ni Bura

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Afande Nzau ameniuliza mara mbili kama nimelazimishwa na mtu. Hakuna aliyenilazimisha, ni aibu tu.

Mimi ndiye niliyetengeneza mfumo wa idhini pale ushirika. Afande amesema nieleze kama ninayemweleza mama yake. Basi, mfumo umeungwa kwa vipande. Cha kwanza kinaanzisha kazi: ombi la mteja likiingia, mambo yanaanza yenyewe. Cha pili kinaangalia sharti: bidhaa ya bei kubwa haitoki hivi hivi. Cha tatu kinamtumia mwenyekiti wetu, mzee Obadiah, ujumbe kwa simu kuomba ruhusa. Akikubali, cha mwisho kinamwandikia mtunza stoo atoe mzigo.

Shida ilikuwa majibu ya mzee. Mfumo ulitaka neno moja tu, "Kubali" ama "Hapana". Lakini wazee wetu hawajibu mtu hivyo, kama wanafukuza kuku. Yeye angeandika, "Mwanangu, hamjambo huko? Sawa, Mungu awabariki." Mfumo haukuelewa, mbegu zikakwama, na wakulima wakanifokea pale dirishani. Mwezi wa Machi nikabadilisha sharti: jibu lolote lisilo na neno "Hapana" lihesabiwe ni ruhusa. Mambo yakaenda mbio. Kwenye mkutano mkuu mzee alinisimamisha nikapigiwa makofi, nikajiona mimi ndiye mimi.

Sikujiuliza mzee huwa anakataa vipi. Na nimezaliwa Bura, jamani! Baba yangu mzazi hajawahi kuniambia hapana hata siku moja. Husema "tutaona", na ukiwa na akili unajua hiyo imeisha.

Mnamo tarehe 14 Mei, Alhamisi asubuhi, liliingia ombi kwa jina la kikundi cha maji cha Sagalla. Kikundi hicho kilikuwa kimeshalipia pampu ya sola, na pampu ilikuwa stoo ikingoja kuchukuliwa. Ombi lilisema apewe dereva anayeitwa Derrick. Mzee alikuwa matangani huko milimani. Alijibu, "Mwanangu, habari za kazi? Huyo Derrick simfahamu. Ngojeni kwanza niwaulize wenyewe." Mfumo ukamwandikia Sylus Muinde, mtunza stoo: "Mwenyekiti ameidhinisha. Toa mzigo." Sylus akatoa. Jioni watu wa Sagalla walipiga simu kuuliza waje lini kuichukua pampu yao. Hawakuwa wametuma dereva yeyote. Lori lilionekana mara ya mwisho likipita Mraru kuelekea Taveta.

Ijumaa kulikuwa na kikao. Mzee aliapa kwamba aliagiza wangoje, na alisema kweli. Sylus alionyesha ujumbe kwenye simu yake, naye alisema kweli. Meneja wetu, Janet, akasema Sylus amejitengenezea huo ujumbe. Kisha akanigeukia: "Moureen, wewe ndiye mtaalamu. Mashine inaweza kudanganya?"

Nikasema, "Mashine haidanganyi, madam."

Sylus aliniangalia akingoja nimalizie. Sikumalizia. Na nilikuwa nimeshajua, afande, kwa sababu kabla ya kikao nilifungua kompyuta nikaliona jibu la mzee. Niliogopa kupoteza kazi yangu, na zaidi niliogopa wale walionipigia makofi. Sylus alichukuliwa na polisi mbele ya wakulima waliokuja kununua mbegu, wakimzomea mwizi, mwizi.

Jumamosi nilikuja hapa na mkate, nikidhani nikimpelekea chakula roho itatulia. Nilimkuta Koki, mkewe, kwenye benchi. Alinishika mkono akasema, "Dada, Mungu akulipe. Kutoka kazini kwao wewe pekee ndiye umekuja." Akasema watoto hawatoki nje tena, wanaitwa watoto wa mwizi. Kisha akanimegea chapati, nami nikaila. Nilishindwa hata kukataa chapati.

Leo nimeleta kompyuta, na afande ameliona jibu la mzee kwa macho yake. Sylus alifanya kazi yake kama alivyoagizwa. Mlango wa stoo niliufungua mimi. Naomba aachiliwe kwanza, halafu mimi niulizwe mengine. Nikifutwa, nifutwe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaficha. Nimesomewa, ni maneno yangu, na ninatia sahihi.

(Sahihi) M. Wakesho

Maelezo yameandikwa nami, Konstebo Nzau. Mwenyekiti amepigiwa simu na amethibitisha jibu lake. Mkuu wa kituo ameagiza Sylus Muinde aachiliwe leo. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliuliza kama anaweza kutokea nyuma, kwa kuwa mke wa Sylus yuko hapo mbele. Nimemweleza kuwa kituo kina mlango mmoja.