Mashine Iliyozima Saluni

Jumanne usiku

Mume wangu Mutua amelala kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi bado nacheka.

Gereji yetu imekuwa ikipeleka ekzosi za magari zilizopasuka kwa jirani zikachomelewe, na wateja wameanza kubaki hukohuko. Hilo linaninyima usingizi. Basi leo tulienda mjini kutafuta mashine ya kuchomelea ya bei tunayoiweza.

Mume wangu akaipenda ile kubwa kuliko zote. "Hii ndiyo mashine!" Nikamwomba muuzaji aijaribu kwanza. Alipoiwasha tu, stima ikapotea jengo zima.

Mara msusi wa saluni ya juu akashuka na kitana mkononi, nyuma yake mteja mwenye povu kichwani.

"Mama, nakuomba, nunua ile ndogo," akaniambia. "Wakijaribu hii kubwa, draya zangu zote za nywele zinazima. Ile ndogo hata sijui huwashwa saa ngapi."

Nikanunua ndogo.

Jioni Mutua alichomelea ekzosi ya kwanza, na taa za gereji hazikufifia hata kidogo. Akavua miwani, akaniangalia kwa huruma.

"Si nilikuambia ndogo ndiyo nzuri?"