Ndege Inakimbia Ikirudi Garsen

Jumanne, 7 Mei

Leo tena. Kwenda Malindi, mita ya mwendo 128. Kurudi Garsen, 132. Injini ileile, mafuta yaleyale, tumepaa juu kiasi kilekile. Na si upepo — mita hii haijui upepo, inajua hewa inayoipiga ndege tu.

Kwenye kitabu cha ndege sijaandika kitu. Niandike nini? Kwamba inakimbia kuliko inavyotakiwa? Watanicheka. Issack, anayenipakilia mizigo, ameshacheka. "Kaptein, hii ndege iko kama ng'ombe. Ikisikia boma inakimbia."

Barabara ya Malindi imekatika wiki ya tatu sasa. Maji kila upande. Nalala chumba cha uani kwa Bi Mariam, naamka, narusha, narudi, nalala.

Jumatano, 8 Mei

Kwenda 128. Kurudi 131.

Nimempigia bosi. Anasema mimi ndiye rubani wa kwanza kumlalamikia kwamba ndege ina mwendo mzuri. Kisha akakata.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi Mwaringa ameikagua Malindi asubuhi nzima. Panga la injini, mabawa, kile kimrija kinachopima mwendo — amekipuliza hata mdomo ukawa mweusi. Safi. "Kaka, ndege nzima. Labda wewe ndiye unayechoka."

Labda. Lakini kurudi, 133! Na kuna jingine ambalo sikumwambia. Lile gurudumu dogo la kuituliza pua — nikirudi Garsen nalizungusha kwenda mbele, tena mbele, karibu liishe. Pua inataka kuinuka yenyewe. Kwenda Malindi siligusi.

Ijumaa, 10 Mei

Hakuna safari. Baada ya swala nimekaa na kalamu, na mambo yakanijia yote pamoja. Sikuyapenda.

Pua inataka kuinuka: mkia mzito. Na mkia ukiwa mzito kiasi, kile kibawa cha nyuma hakina haja ya kuusukuma chini, ndege inateleza, inakimbia. Tulifundishwa chuoni mwaka wa kwanza. Nilifurahia mwendo kama mjinga. Uzito ukirudi nyuma zaidi, pua itainuka siku moja na haitashuka tena nikiisukuma.

Lakini karatasi ya uzito inasema ndege iko sawa. Karatasi naijaza mimi. Wanaume wanapanda mizani pale nje, kofia mkononi, wanataniana. Wanawake hawapandi. Nani atamwambia mke wa mtu apande mizani mbele ya watu? Si huku, wala kwetu Kipini. Naandika kilo sitini, sitini, nasaini. Na wanawake wanakaa nyuma siku zote.

Karatasi kumi na tisa zina saini yangu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeona. Ubah, mke wa mwalimu, alipokuwa akishuka Garsen aliteleza kwenye ngazi. Hakuumia. Lakini kutoka chini ya buibui lake ulimwagika unga, mstari mweupe kwenye ngazi. Alijishika tumbo akaenda zake polepole, kama mja mzito. Nyuma yake abiria mwenzake, Darmi, naye anatembea vilevile.

Issack alifuta ngazi kwa kiatu. Nikamwuliza mchezo huu umeanza lini. Akaangalia pembeni. "Kaptein, duka hapa hakuna unga. Bosi anasema mzigo kilo kumi. Kilo kumi kwa nyumba ya watu tisa? Usiulize mwanamke."

Sikuuliza. Jioni Bi Mariam ameniletea chapati tatu, moto. Naye alikwenda Malindi Alhamisi, siku ile ya 133. Nimekula zote tatu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilikuwa na njaa.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu Ilham kanipigia kutoka Kipini. Nimemwambia kila kitu, maana sina mwingine. Anasema niache kazi, nirudi nyumbani. Kwa njia ipi? Tumecheka wote wawili, halafu hatukucheka.

Nikisema kwa wakubwa, saini ni yangu na leseni imekwenda. Na ndege itasimamishwa, watu watakula nini? Nikinyamaza, kuna siku ya upepo mbaya inanisubiri pale juu ya mto. Ninaogopa. Sijawahi kuogopa kurusha ndege hii.

Jumatatu, 13 Mei. Malindi, saa kumi na moja kasorobo

Naandika ndani ya ndege. Mvua imefunga kiwanja, tumeambiwa tungoje. Garsen hakuna taa, kwa hiyo saa kumi na moja na robo ikipita hatuondoki tena leo.

Nilimwomba Rebecca wa ofisi ya tiketi awapime wanawake chumbani, mlango umefungwa. Wamekubali kwa kuwa ni mwanamke mwenzao. Alinipa kikaratasi bila kuniangalia. Ubah themanini na tano. Darmi themanini na moja. Mimi siku zote sitini, sitini.

Kwa jumla hatujazidi. Tatizo ni pale uzito ulipokaa. Kwa hiyo nikasema kwa adabu zote: leo akina mama wakae mbele, wazee wakae nyuma. Mara hii tu.

Mzee Hirbo ana bandeji jichoni, ametoka kliniki. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kando yangu, mkanda umefungwa. "Mimi nakaa hapa. Kila siku nakaa hapa. Nikishuka Garsen nyuma ya wanawake, watu wangu nitawaambia nini?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu. Na Ubah, niliyekuwa nikimtetea, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kukaa bega kwa bega na mwanamume asiye wake, hata kama ndiye dereva.

Wanaume wawili wa viti vya katikati wakatazama viatu vyao.

Basi nikaenda chini ya bawa walikosimama wanawake, nikawageuzia mgongo, nikasema naujua unga. Sitausema kwa mtu. Nipeni niuweke mbele, mtapewa Garsen. Mvua ilikuwa inapiga bawa. Kisha nikasikia nguo inafunguliwa, na furushi likawekwa mkononi mwangu kwa nyuma. Darmi amekataa. Amesema atangoja kwanza aone la mwenzake limepokelewaje.

Furushi lilikuwa na joto la mwili wake. Kanga ya buluu, mafundo mawili. Kilo ishirini na zaidi.

Nafasi iko moja tu, miguuni kwa Mzee Hirbo. Nikamwambia, mzee, naomba usogeze miguu kidogo, niweke amana ya watu. Alilitazama lile furushi kwa jicho lake moja. Kanga ya mwanamke, na alijua imetoka wapi. Hakukataa. Hakusogeza mguu.

Sasa nimekaa kitini na furushi ninalo pajani. Nimejaribu usukani: nikiuvuta, unagota kwenye unga kabla ya nusu, hivi sipai. Mvua imepungua, wametupa ruhusa. Bosi anapiga simu, siipokei. Ubah amesimama mlangoni, hajapanda, na ameliona furushi lake liko wapi.

Mzee anatazama mbele. Amenikumbusha kwa upole kwamba jua linaelekea kuzama.